Mdomo wa Mama Yona

Siku ya kuniaga, mchungaji alisema mbele ya usharika mzima kwamba Mwinjilisti Raheli ameshinda. Akina mama wakapiga vigelegele, nikavishwa blanketi, nikakabidhiwa pia mbuzi ambaye alianza kula maua ya madhabahuni kabla sala ya mwisho haijafungwa. Watu walicheka. Mimi nilikuwa nimekaa pale mbele naogopa. Neno hilo "ameshinda" halijawahi kunikalia vizuri, maana nimewaona wengi waliotangazwa washindi siku ya Jumapili, na kufika Jumatano wakarudishwa nyumbani wamebebwa kutoka kilabuni.

Wadogo zangu mlio kazini, mmeniomba niwaandikie jinsi tulivyofanya kazi kabla ya vikundi vya maombi vya kwenye simu. Nitaandika, ila mjue mapema kwamba mimi ni mtu wa wasiwasi tangu kuzaliwa. Mume wangu, Baba Sara, husema nikikosa cha kuhofia nazunguka nyumba nikikitafuta. Kwa hiyo msitegemee ushuhuda wa kutembea kifua mbele. Nitagusa mwanzo wangu kidogo, halafu nitakaa kwenye habari ya mama mmoja wa kijiji cha Daudi, kwa sababu yeye ndiye aliyenifundisha kazi hii ni kazi gani.

Nilianzia Gitting, kwenye miteremko ya Mlima Hanang. Nilifika asubuhi yenye ukungu, nimevaa buti za kaka yangu zilizonizidi, na Biblia yangu iko ndani ya mfuko wa nailoni. Aliyenipokea ni mwinjilisti wa zamani, Mzee Awe, mtu mrefu, mkavu, asiyecheka hovyo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Unajua kupiga kengele?"

Kengele yenyewe ilikuwa rimu la lori lililoning'inizwa kwenye mti, na nyundo yake kipande cha nondo. Nikapiga. Mzee Awe akanitazama kwa huruma.

"Umepiga kama mtu anayeomba radhi. Piga tena. Watu wako shambani, hawajui kama umefika."

Nilipiga mpaka mkono ukafa ganzi. Walikuja watu wachache na mbwa wengi, na ibada ikaanza. Wakati wa sala nikafumba macho kama nilivyofundishwa tangu utoto. Mzee Awe akanisubiri mpaka watu watawanyike, ndipo akaniambia neno ambalo nimelifanyia kazi maisha yangu yote.

"Wewe usifumbe. Waumini wafumbe, mchungaji afumbe. Mwinjilisti anasimama mbele, anaangalia. Mtu akiomba amefumba macho, uso wake unasema yale aliyoyaficha kwenye maungamo."

Nikamwambia hiyo ni sawa na kuchungulia. Akasema daktari naye anachungulia, na hakuna anayemlaumu. Basi nikajifunza kuomba macho yangu yakiwa wazi. Mwanzoni niliona aibu, kama nimeingia nyumba ya mtu bila hodi. Baadaye nilianza kuona. Niliona nani anakaza taya tukiombea majirani, na nani anapumua kwa nguvu tukitaja ulevi. Mzee Awe alinipa na neno la pili: nisiharakishe kumwombea mtu. "Ukiwahi kumwombea kabla hajasema ukweli," alisema, "umemsaidia kunyamaza." Vifaa vyake vingine vilikuwa koti la mvua, tochi, na pipi za kifua, ambazo aliwagawia watoto waliokohoa wakati wa mahubiri. Kikohozi kiliongezeka sana mtaani kwetu.

Kutoka Gitting nilipelekwa Yaeda Chini. Kule sikufaa sana, nasema kweli. Barabara ilikuwa alama za magurudumu ya gari lililopita siku nyingine, na wafugaji walikuwa wakihama na ng'ombe wao kabla sijamaliza fundisho la kwanza. Lakini mzee mmoja mfugaji, ambaye hakubatizwa hata siku moja ingawa alikuja kila ibada kwa sababu alipenda nyimbo, aliniuliza swali lililonikera kwa miaka.

"Nyinyi Wakristo mkisamehe, mnafanyaje?"

"Tunasema, nimekusamehe."

"Kwa mdomo tu?"

"Na kwa moyo."

"Huo moyo nani anauona?" Akatema mate pembeni, kwa adabu. "Sisi kwetu mpaka kitu kitoke ndani ya mtu. Maneno hata kasuku anayo."

Nilimjibu kwa mafundisho marefu, naye akanisikiliza kwa upole kama mtu anayesubiri mvua ipite. Nikaondoka Yaeda nikiwa bado nabishana naye kichwani.

Ndipo nikapelekwa Daudi, huku juu Mbulu, kwenye baridi na vitunguu saumu, nikakaa hapo hadi kustaafu. Mtaa ulikuwa na mwenyekiti wa umoja wa wanawake aliyeitwa Mama Yona. Mjane, mwembamba, mwenye mikono migumu na sauti nzito. Alikuwa wa kwanza kufika kanisani na wa mwisho kutoka. Alipoomba, hata wanaume waliokuja kupoteza muda walivua kofia. Mgonjwa yeyote akilala, Mama Yona ameshafika na chupa ya uji. Nilimshukuru Mungu kwa ajili yake, na kwa vile ni mimi, nikaanza pia kuwa na mashaka. Mtu asiye na doa hunitia hofu zaidi kuliko mlevi, maana mlevi angalau najua pa kumshika.

Jumapili moja tulikuwa tunasali sala ile aliyotufundisha Bwana. Macho yangu yako wazi kama kawaida. Tulipofika pale tunapoomba kusamehewa kama sisi tunavyosamehe, nikaona mdomo wa Mama Yona umefungwa. Haukufungwa kwa kukohoa wala kwa kumeza mate. Ulifungwa kama mlango, na ombi lile lilipopita ukafunguka, akaendelea na wenzake hadi amina.

Nikajiambia macho yangu yamechoka. Jumapili iliyofuata nikamwangalia tena, akafunga. Na iliyofuata, akafunga. Tangu hapo ibada zikanigeukia mateso. Nilikuwa nahubiri huku nasubiri sala. Baba Sara akasema, "Muulize basi." Sikuuliza. Mwanamke yule alikuwa na umri wa mama yangu, nami ningeanzia wapi kumwambia nimekuwa nikiangalia mdomo wake?

Jibu lilikuja kwa miguu. Mwanamume wa makamo alifika nyumbani kwangu, shati limefungwa vifungo mpaka shingoni, kofia mkononi.

"Shikamoo, Mama Mwinjilisti."

"Marahaba, baba. Karibu. Wewe ni wa wapi?"

"Naishi Gitting sasa. Lakini ni wa hapa. Mimi ni Elia, mtoto wa kwanza wa Mama Yona."

Nikakaa. Mnajua kwetu mama anaitwa kwa jina la mzaliwa wake wa kwanza. Miaka yote hiyo nilidhani Yona ndiye wa kwanza. Kumbe mama yule alikuwa ameliweka kando jina la Elia, akawaagiza watu wamwite kwa la mdogo wake, na mtaa mzima ukanyamaza, kwa sababu kwetu laana haisimuliwi. Wanasema ukiisimulia unailisha.

Elia akanieleza mwenyewe. Wakati baba yake ni mgonjwa, alikuwa mlevi. Siku moja alikuja amelewa, akafungua zizi, akamswaga ng'ombe wa maziwa hadi mnadani. Ng'ombe yule ndiye aliyekuwa akimshikilia baba yake, maana mzee alishaacha kula, anakunywa maziwa tu. Mzee akafa akiomba maziwa. Siku ya mazishi, Elia akiwa amesimama pembeni, mama yake alitoa titi lake mbele ya watu wote akamwambia, "Kama ni hili ulinyonya, usije ukashika mtoto wako mwenyewe mikononi." Elia akaondoka siku hiyo hiyo. Akaoa huko Hanang. Mke wake, Neema, alipoteza mimba, akapoteza na nyingine. Elia akaacha pombe, akaokoka, akatengeneza na kila mtu aliyemkosea, isipokuwa mmoja.

"Sasa Neema ana mimba tena," alisema. "Nimekuja kuomba msamaha wa mama."

Nilifurahi, wadogo zangu. Nilifurahi na kuogopa kwa pamoja, kama kawaida yangu. Tukaita wazee wa kanisa. Mama Yona aliitwa, akaja, akamtazama mwanawe kama mtu anayetazama mlango uliofunguliwa na upepo. Kisha akasema kwa sauti yake nzito kwamba yeye ni Mkristo na amesamehe. Wazee wakasema Bwana asifiwe. Hapo Elia akaomba jambo moja zaidi: mama amtemee maji kifuani, kama wazee wa kwetu wanavyofanya wakifungua neno walilolifunga.

Mzee wa kanisa mmoja akaruka kama amekanyaga kaa la moto. "Hapana! Hayo ni mambo ya jadi. Tumeshayakataza."

"Hata mimi nashikilia la kanisa," Mama Yona akasema haraka. "Kanisa limekataa. Tuombe tu."

Basi Jumapili walisimama mbele, wakashikana mikono, kwaya ikaimba, watu wakalia. Mtu mmoja akarekodi kwenye simu, ushindi ule ukafika hadi Babati kabla ya mchana. Mimi niliwekewa mkono begani na kuambiwa nimefanya kazi kubwa. Halafu tukasali sala ya Bwana. Nikaangalia. Mdomo ulifungwa pale pale.

Elia hakwenda moja kwa moja kituo cha basi. Alirudi kwangu, akasimama jikoni akipasha mikono yake moto.

"Nimeombewa na kila mtu, Mama Mwinjilisti. Lakini mama hajanitemea."

Nikamwambia yale ninayoyaamini hata leo, kwamba msalaba umeondoa laana yote na mtoto wake yuko mikononi mwa Mungu, si mdomoni mwa mama yake.

"Naamini," akasema. "Lakini Neema akijigeuza kitandani nashtuka. Na mama ameshika mkono wangu leo kama anashika jembe la mtu mwingine."

Aliondoka. Nikabaki na hofu mbili. Ya kwanza ilikuwa mtoto yule tumboni: likitokea baya, mtu gani atamwondolea Elia wazo kwamba mama yake ndiye aliyemuua? Ya pili ilikuwa Mama Yona mwenyewe, na hiyo ndiyo ilininyima chakula. Nilikuwa namwona mwanamke anazama, na sisi wote tunampigia makofi kwa jinsi anavyoogelea.

Nikakumbuka neno la Mzee Awe, kwamba nisiwahi kuomba. Nikamfuata shambani, akiwa anang'oa vitunguu saumu. Nikamwamkia, akaitikia, nikainama nikamsaidia kung'oa. Tulimaliza tuta zima. Mwisho nikasema:

"Mama, nikuulize kitu. Kama kanisa lisingekataa yale maji, ungemtemea?"

Akaendelea kukung'uta udongo kwenye kitunguu kimoja muda mrefu kuliko kitunguu kinavyohitaji.

"Nisingemtemea," akasema.

Nilidhani atanifukuza. Badala yake alikaa chini kwenye tuta, kitenge chake cha umoja wa wanawake kikaingia udongoni, akasema yote. Kwamba alipomwona mzee wa kanisa akikataa, moyo wake ulishangilia. Kwamba amepata mahali pa kuificha chuki yake ambapo hakuna atakayemkemea, kwa sababu pameandikwa kanisa. Kwamba sala ile haisemi kwa kuwa hataki kumdanganya Mungu usoni. "Nawadanganya nyinyi," alisema. "Yeye simdanganyi."

Nikamwambia nimeona. Akanitazama kwa mshangao, halafu kwa kitu kama nafuu.

"Tangu lini?"

"Tangu siku nyingi, mama."

"Na ukanyamaza?"

"Niliogopa."

"Basi tuko wawili," akasema, tukaendelea kung'oa.

Hapa ndipo nataka mnisikilize ninyi vijana. Mtu akishakiri mnadhani kazi imekwisha. Kazi ndiyo kwanza inapata mlango. Mama Yona alitaka kusamehe, akashindwa. Akaniambia asubuhi chuki inaamka naye, mchana kazi inaisahaulisha, jioni akikaa kukamua inarudi yote, kwa sababu akiona maziwa yanaingia kwenye ndoo anasikia sauti ya mume wake akiomba. Nikaona hapo ndipo vita ilipo. Haikuwa kanisani hata kidogo, ilikuwa zizini. Basi nikaanza kwenda jioni wakati wa kukamua. Sikuhubiri. Nilishika kamba ya ndama. Yeye alikamua na kujaribu kutaja jina la mwanawe mbele za Mungu bila kuongeza neno baya. Jioni nyingi alishindwa. Alianza "Bwana, Elia..." na yaliyofuata sitayaandika hapa. Ng'ombe mwenyewe alikuwa anageuza kichwa.

Huku mimba inakua. Kila simu ikilia nilidhani ni Gitting. Nilikonda. Baba Sara akaniambia kwamba yeye alioa mwinjilisti mmoja na sasa anaishi na nusu yake. Nilimwomba Mungu aniondolee kesi hii, akaniletea mvua na matope hadi zizini.

Jioni moja Mama Yona alikuwa anakamua, povu limepanda juu ya ndoo. Akasimamisha mikono.

"Elia alikuwa anapenda povu," akasema. "Alikuwa mdogo hivi. Anachovya pua, halafu anamfuata baba yake akamfute."

Akalia. Nami nikalia, ndama akatoroka na kwenda kunyonya maziwa yote yaliyobaki. Hatukumzuia.

Baada ya siku chache akaja kwangu asubuhi na kibuyu cha maziwa begani, amevaa shuka lake zuri. "Twende Gitting," akasema. "Leo. Kesho nitakuwa nimebadilika." Nikauliza kuhusu wazee wa kanisa. Akaniambia kama nataka kwenda kuwauliza, niende, nitamkuta stendi ya Katesh. Nikachukua koti la mvua.

Ile safari sitaisahau. Kibuyu nilikipakata mimi, na kila basi likidunda nilihisi maziwa yanadunda na moyo wangu. Kila kituo Mama Yona alisema, "Tushuke turudi," na kila kituo hakushuka. Tulipofika Katesh, akakaa kwenye benchi la stendi akakataa kabisa kupanda pikipiki.

"Nikimsamehe huyu," aliniuliza, "baba yake nikikutana naye nimwambie nini? Alikuwa ananiomba mimi yale maziwa. Mimi. Siyo Elia."

Wadogo zangu, nimesoma chuo cha Biblia, nimefundisha kipaimara, nimehubiri misiba. Nilimtafutia chai ya maziwa, akaisukuma, nikamtafutia ya rangi, akanywa. Tukakaa. Mlima Hanang ulikuwa umejifunika wingu hadi magotini. Nilijiona nimemleta mama wa watu hadi katikati ya njia kuja kumwacha hapo. Kisha akafunga shuka lake.

"Twende kabla hayajaganda," akasema.

Tulipokaribia nyumba ya Elia tulisikia wanawake wanaimba. Nikaujua wimbo ule, ni wa kupokea mtoto, nikakikumbatia kibuyu. Neema alikuwa amejifungua jana yake kwenye zahanati. Mtoto wa kike, mzima, na kelele zake zilikuwa zinafika barabarani. Nikasema ahsante Mungu kwa sauti. Nikageuka kumwangalia Mama Yona nishangilie naye, na macho yangu yalikuwa wazi, kwa bahati mbaya.

Uso wake ulikuwa umekunjamana kwa hasira.

"Kumbe," akasema polepole. "Kumbe hata sikuhitajika."

Nikaelewa, na sijawahi kuogopa vile. Miaka yote alikuwa akiiogopa laana yake, na kumbe pia alikuwa akiiegemea. Ilikuwa ndiyo haki pekee aliyobaki nayo kwa ajili ya mume wake. Sasa Mungu amembariki Elia bila kumsubiri, na ile laana imeanguka chini kama jiwe lililotupwa na mtoto. Hakukuwa na tishio tena la kumsukuma. Mjukuu ni mzima. Angeweza kunywa chai, kumshika mtoto, kupigwa picha, na kurudi Daudi na chuki yake nzima. Hakuna ambaye angejua, isipokuwa mimi na Yule ambaye hamdanganyi.

Elia alitoka ndani mbio, akasimama ghafla alipomwona. Akapiga magoti kwenye matope.

"Shikamoo, mama."

Mama hakuitikia.

Nyimbo zikakatika. Wanawake wakatoka mmoja mmoja wakasimama ukutani. Mnajua kwetu shikamoo isiyoitikiwa ni kitu gani. Elia hakurudia. Alifungua vifungo vya shati lake, akabaki kifua wazi kwenye ile baridi, kichwa chini. Mama Yona akanyoosha mkono kwangu bila kunitazama, nikampa kibuyu. Akapiga funda kubwa.

Halafu akasimama hivyo. Mashavu yamejaa, mdomo umefungwa, umefungwa vile vile nilivyouona Jumapili baada ya Jumapili. Nikamwangalia kooni. Nilijua akimeza, amemeza yote, na hatarudi tena hapa. Koo likapanda kidogo. Nikaomba kwa maneno ambayo hayakuwa maneno. Machozi yalikuwa yanamtoka akiwa ameshikilia yale maziwa mdomoni.

Akatema. Maziwa yalirushwa kifuani kwa Elia, yakaruka usoni na kwenye nywele. Akapiga funda jingine akatema tena, na la tatu, kwa nguvu, kama mtu anayetoa kitu kilichokwama. Kidevu chake kilikuwa kinachuruzika maziwa. Akajifuta kwa kiganja.

"Marahaba," akasema. "Marahaba, mwanangu."

Tuliporudi, nikaitwa barazani kwa wazee wa kanisa. Mtu alikuwa amepiga picha, bila shaka. Nikaulizwa kama ni kweli Mama Yona alitema, na mimi nikiwepo. Nikasema ni kweli. Mzee mmoja, ambaye amefuga maisha yake yote, akauliza kama ni maziwa mabichi au mtindi. Nikasema mabichi. Akatikisa kichwa akisema hayo ndiyo yenyewe, halafu akakumbuka alipo akakohoa. Nikawaeleza kila kitu, hata yale aliyosema shambani, kwa ruhusa ya Mama Yona mwenyewe, aliyekuwa amekaa nje akisubiri kuitwa. Mchungaji akasema sheria ile waliiweka ili watu wasitegemee mate badala ya Mungu, na hawakufikiri kwamba mtu anaweza kuitegemea sheria badala ya Mungu. Akasema tufunge kwa sala. Hakuna kilichoamuliwa hadi leo, na mimi sikuuliza tena.

Mtadhani basi nilipumzika. Mama Yona alinifuata baada ya majuma machache akaniambia imerudi. Ameamka nayo asubuhi, ile ile, kana kwamba hakuna mtu aliyekwenda Gitting. Nilitaka kulia. Yeye hakulia. Alisema amechukua maji mdomoni, amesimama uani akageukia upande wa Hanang, akatema. Ikapungua. Kesho yake akatema tena. Sasa hiyo ndiyo kazi yake kila asubuhi kabla ya kuwasha moto. "Sikujua itanibidi nimsamehe kila siku," aliniambia. "Ningejua, ningeanza mapema." Kwa hiyo mkiniuliza ushindi juu ya dhambi ni nini, mimi sina fundisho kubwa. Namjua mwanamke mzee anayesimama uani kwenye umande, mashavu yamejaa maji. Na siku hizi ukimwita Mama Elia anaitika. Huchelewa kidogo, lakini anaitika.

Nimestaafu. Mbuzi wa zawadi amekula nusu ya bustani ya Baba Sara na anatafutiwa mahali pengine. Mwinjilisti mpya ni kijana mzuri, anapiga rimu vizuri, ila anafumba macho. Nimemwambia, naye ananiheshimu sana, na bado anafumba. Mimi sasa nakaa kwenye benchi, nyuma ya Mama Elia, mahali ambapo naona tu mgongo wake na fundo la kitambaa. Mdomo siuoni. Kila Jumapili sala ile ikianza, kwa kuwa siwezi kuona, nasikiliza.

Jumapili iliyopita watu walifika pale kwenye ombi lile wakalipita kwa pamoja, na sauti yake nzito sikuisikia. Nikashika benchi. Watu walikuwa wameshafika kwenye majaribu. Ndipo nikaisikia, peke yake, nyuma ya wote, inalisema neno kwa neno hadi mwisho. Mwinjilisti akamsubiri. Usharika wote ukamsubiri, kisha tukasema amina naye.